Kadi Niliyoigeuza kwa Mkono Wangu

Zaituni mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na ninakusikia ukibishana na mama yako mdogo kama ile sufuria iingie sandukuni au ibaki. Yeye ameshakwambia yote: karatasi za safari uziweke wapi, ukitoka Rwanda pale mpakani Rusumo ujibu nini, ukifika Dar es Salaam umtafute nani. Mimi hapo sina la kuongeza. Ninakuandikia jambo ambalo nikilisema kwa mdomo litaharibika. Mdomo wangu unaujua. Unaanza na kweli, ukifika katikati unaona watu wametulia wanasikiliza, basi unaongeza. Kalamu kwangu ni nzito. Niliishia darasa la tano, na kila neno hapa ninalitafuta kama mtu aliyeangusha sindano, kwa hiyo nguvu ya kuandika uongo sina.

Jumapili pale Gisimenti, tulipokuaga, ulisimama na soda yako mkononi ukawasimulia watu. Ulisema unakwenda kufanya kazi ya kompyuta kwa sababu ya watu wawili, Dada Consolata aliyekufundisha na baba mdogo aliyemtetea. Ukaeleza jinsi Diregiteri, mkubwa wetu wa kazini, alivyotaka kumtwika Consolata kosa, nami nikasimama, nikagonga meza mpaka vikombe vikaruka, nikasema kama anafukuzwa huyu nifukuzwe mimi kwanza. Watu wakapiga makofi. Yule mchoma nyama akaniletea mishikaki miwili ambayo sikuiagiza, akasema ni ya mwanamume. Nikaila yote miwili.

Hadithi ile nilikupa mimi. Haikutokea.

Tangu kaka yangu, baba yako, atutoke ukiwa na miaka sita, nimekulea kwa hadithi kuliko kwa chakula, na nyingi hazikumdhuru mtu. Ile ya betri za lori ni ya kweli, uliza mtu yeyote Gikondo. Umeme ulikatika, jenereta ikagoma, mimi nikaunga betri mbili na mashine ya kugeuza umeme niliyoazima kwa fundi redio, kompyuta ikaendelea na kazi kama vile hakuna kilichotokea. Wazungu wawili walikuja kutazama. Huwa ninasema ilikwenda saa tatu. Ilikwenda dakika arobaini. Na Mzungu alikuwa mmoja. Lakini hii nyingine si ya kupunguza wala kuongeza. Inatakiwa kufutwa.

Kampuni yetu unaijua kwa Jumamosi zako tu, ulipokuwa ukija kukaa karibu na Consolata akikuonyesha kibodi. Jumamosi Diregiteri hakuwepo, ndiyo maana ulipapenda. Siku nyingine hukupaona. Lile ghala la zamani la ngozi, nyuma ya magereji, ambalo mvua ikinyesha linatoa harufu ya ng'ombe hadi leo, ndimo tunamotengeneza programu. Mwenye ofisi anataka kompyuta imwandikie orodha za wafanyakazi, mwenye bohari anataka imwambie nini kimeingia na nini kimetoka. Wanakuja kwetu, watengenezaji wetu watatu wanaziandika, sisi wengine tunazunguka pembeni.

Mimi niliajiriwa kuendesha pikapu na kutunza jenereta. Siku ya kwanza Diregiteri aliniuliza kama ninaijua kompyuta. Nikamwambia Mombasa niliendesha kompyuta ya bandari, kubwa kama nyumba, na siku iliposhika moto niliizima kwa koti langu. Mombasa sijafika. Lakini alinitazama kwa macho ya kunipenda, na baada ya mwezi akanifanya Mkuu wa Ubao.

Ubao ulikuwa ukutani, pale mlangoni. Kila programu ilikuwa na kadi yake inayoning'inia kwenye msumari, upande mmoja mwekundu, maana yake bado, upande mwingine wa kijani, maana yake tayari. Sheria ilikuwa moja: anayeigeuza kadi ni yule anayeitengeneza programu yenyewe, hakuna mwingine. Kila Jumatatu Diregiteri alipita pale na wageni wake, akawaonyesha kijani kama mtu anayeonyesha shamba lake la mahindi. Mimi nilisimama pembeni na fimbo nikisoma majina ya kazi.

Diregiteri aliuza vitu ambavyo havijazaliwa. Mteja akiuliza mna programu ya kitu fulani, alisema ipo, kisha akaja kuwauliza watengenezaji itakuwa tayari lini. Wakimwambia miezi minne, anasema wiki tatu. Wakianza, anawatoa, anawapeleka kwenye ahadi nyingine. Na mwenye kadi nyekundu kwa Jumatatu mbili mfululizo aliondolewa kiti. Mimi ndiye niliyekibeba kiti hicho na kukiingiza ofisini kwake, na mwenyewe anafanya kazi wima, kibodi ameiweka juu ya kabati la mafaili, mpaka kadi yake igeuke. Kuna wakati viti vitatu vilikuwa kwa Diregiteri, na watu watatu wamesimama kama wanasubiri ibada ianze. Nilicheka siku zile. Niliita zile kazi za wima. Nilifikiri ni utani wangu mzuri.

Basi watu wakajifunza. Programu iliyofika nusu iligeuzwa kijani, mteja akilalamika wanasema ni umeme. Wote waligeuza, isipokuwa Consolata. Yeye alisimama wima wiki tatu bila kugeuza. Miguu ilivimba, nilimwona akivua viatu chini ya kabati. Nikamwambia, dada, geuza ukae. Akanijibu kwamba kiti kinamuuma kuliko kusimama, akiwa anadanganya. Nilimwona mjinga. Mimi, Zaituni, ambaye nilikuwa nimepewa fimbo ya kuelekezea ubaoni, nilimwona yeye mjinga.

Kazi yake ilikuwa ya bohari moja ya dawa, ya mfanyabiashara wa jirani. Kompyuta ilitakiwa kuchapa karatasi za kutolea dawa: hospitali hii ipakiwe hivi, ile ipakiwe vile. Wapakiaji wanasoma karatasi, wanajaza lori. Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mwaka ule ambao vita vilikuja kuanza, Consolata aligundua kasoro. Hospitali ikiagiza dawa zaidi ya aina ishirini, ya ishirini na moja na kuendelea zinaruka, zinakwenda kuandikwa kwa hospitali inayofuata kwenye orodha. Alinionyesha karatasi yenyewe, hata mimi nikaelewa. Akaomba siku nne.

Diregiteri alikuwa amemwalika mwenye bohari Jumatatu. Jioni ile ile, ninamrudisha nyumbani kwenye pikapu, akaniambia hataki kuona nyekundu hata moja siku hiyo. Hakusema geuza. Watu kama yeye hawasemi. Wanakuachia nafasi katikati ya maneno, nawe unaingia mwenyewe.

Jumatatu nilifika kabla ya wote, nikageuza kadi ya Consolata. Alipoingia akaiona, akairudisha nyekundu, akaenda kusimama mahali pake. Nikaigeuza tena. Akaja mpaka pale ubaoni, hakupaza sauti.

"Saidi, unajua maana ya hiyo kadi?"

"Kadi ni kadi. Hospitali gani hapa Rwanda itaagiza dawa aina ishirini na moja?"

Wageni wakawa wanashuka kwenye gari. Alikuwa na muda wa kuigeuza mara moja zaidi, akanitazama mimi, akatazama wageni, akarudi kwenye kabati lake. Mchana ule Diregiteri aliniambia nimrudishie kiti. Nilikibeba kwa furaha, nikakifuta vumbi. Hakukikalia. Kilikaa pale wiki nzima na pochi yake juu. Alianza kurekebisha ile kasoro, siku ya pili akatolewa, akapewa kazi nyingine. Akaomba tena arudishwe, akaambiwa kadi ni ya kijani, anarekebisha nini.

Na kweli, mwezi wa nane hakuna hospitali iliyofika ishirini na moja. Wala mwezi wa tisa. Nilimtania. Nilimwita Mama Ishirini na Moja.

Mwezi wa kumi vita vikaingia kaskazini. Unakumbuka ile risasi ya mjini iliyotulaza chini ya kitanda. Hospitali za kule zikaanza kuagiza kila kitu kwa pamoja, mistari thelathini, arobaini. Lori moja likapakiwa kama karatasi ilivyosema. Lilipofunguliwa kule, kwenye majeruhi, maji ya kutundika hayakuwemo, bendeji hazikuwemo, wala dawa za usingizi za kupasulia. Vyote vilikuwa mistari ya chini, vimekwenda kwenye kituo kidogo cha kusini ambako walishangaa wameletewa nini. Waliokufa kule kwa kukosa vile vitu sijui ni wangapi. Nimewahi kuota wanapanga foleni pale ubaoni, na mimi nina fimbo, ninawasomea majina.

Kosa la namna hiyo wakati wa amani ni ugomvi wa mteja. Mwezi ule lilikuwa na jina jingine. Walisema kuna mkono wa adui ndani ya kompyuta. Walisema icyitso, kibaraka wa walioko upande wa pili, na neno hilo likishatamkwa katika nyumba, lazima limwangukie mmoja.

Diregiteri alituita sote. Alikuwa na jasho. Aliuliza swali moja.

"Nani aligeuza kadi hii?"

Kila mmoja alijua sheria, anayegeuza ni mtengenezaji. Consolata akasema si yeye. Diregiteri akamwambia basi ataje ni nani. Hakutaja. Aligeuka akanitazama, akangoja. Zaituni, hapo ndipo hadithi yako inaposema niligonga meza. Meza ilikuwepo, hilo si uongo. Ilikuwa mbele yangu, na vikombe juu yake. Nilisema jenereta inataka mafuta, nikatoka.

Nilisimama kwenye jenereta ambayo ilikuwa imejaa pomoni. Niliishika kama mtu anayemshika mgonjwa. Nilijiambia nitarudi ndani baada ya dakika moja. Nilijiambia kwamba Diregiteri anajua, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka, kwa hiyo hawezi kumwacha aumie. Hilo nililiamini, na ndilo ninalotaka ulielewe: sikuwa nimepanga kumuumiza mtu. Nilingojea mwenye kosa kubwa kuliko langu aseme kwanza.

Watu watatu walikuja siku ya pili saa sita mchana, kwenye gari lisilo na namba. Diregiteri aliwaonyesha Consolata kwa kidevu. Wakamwomba kitambulisho, wakakisoma. Kilikuwa na lile neno la kabila ambalo mwezi ule lilitosha peke yake. Changu kilikuwa na jingine, kwa hiyo ningesema mimi nimegeuza, labda ningepigwa makofi nikafukuzwa kazi. Hiyo ndiyo hesabu ambayo sikuifanya pale kwenye jenereta, nimeifanya baadaye, mara nyingi. Consolata aliizima kompyuta yake kwa utaratibu, akatoa disketi, akaiingiza kwenye bahasha, akaandika juu yake ni kazi gani na imefika wapi. Ndipo akaenda nao. Wakati anapita pale ubaoni hakunitazama. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kwa sababu ndipo kazi yangu ilipokuwa.

Jumamosi iliyofuata uliniuliza Dada Conso yuko wapi, mbona hajaja. Ulikuwa na daftari lako. Nikasema ameitwa na shangazi yake Butare. Ukanikatalia, ulikuwa umesikia mitaani kwamba alitwikwa kosa. Nikakwambia kweli alitwikwa, lakini nilimtetea, nikagonga meza, wakamwacha aende zake salama. Ulinishika mkono. Sijawahi kushikwa mkono vile. Tangu hapo nimeisimulia mara ngapi, mpaka siku nyingine nilikuwa ninavisikia vile vikombe vinaruka.

Hayuko Butare. Walimtoa gerezani mwaka uliofuata, karibu na masika, pamoja na wengine wengi, bila neno. Yuko kwa mama yake, Kagarama. Nilikutana naye mara moja, Gikondo, amekuja kuomba kazi ya kupiga chapa kwenye ofisi ya kanisa. Sikumtambua, yeye ndiye aliyeniita. Sikio la kushoto halisikii, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Ile kazi hakuipata. Kila anapokwenda wanampigia simu Diregiteri, naye anasema ni yule aliyeharibu programu kwa makusudi. Na kila mitaa inaposakwa, wanamchukua tena siku mbili, tatu, kwa sababu ya shtaka hilo hilo lililo kwenye faili lake. Mama yake hufunga mlango kwa kabati.

Nikaanza kumwambia pole. Akaniambia niishike pole yangu kwanza, nimsikilize.

"Sikusema jina lako. Ningelisema, wangeona ninatafuta wa kumsingizia. Nilikuwa ninakungoja wewe."

Kisha akaniomba kitu kimoja. Niandike kwenye karatasi kwamba mimi Saidi niligeuza kadi mara mbili, yeye alikataa, na kasoro aliitaja siku tatu kabla. Nitie sahihi. Hakuomba nimlaani Diregiteri, wala niende naye mahali. Anataka karatasi ya kushika mkononi wakija tena. Nikamwambia kesho. Ni miezi kumi na moja.

Sikukaa bure, usifikiri. Niliandika mara nne. Ya kwanza niliwashia jiko, nikajidanganya niliichanganya na magazeti. Ya pili niliandika kwamba kadi "iligeuzwa", bila kusema na nani, nikaona nimeandika vizuri kama wakili, asubuhi nikaona aibu. Ya tatu nilifika nayo mpaka Kicukiro, nikakutana na rafiki, tukala, nikarudi nayo. Na bado mimi ni Mkuu wa Ubao. Jumatatu hii nilisimama na fimbo. Kadi zote zilikuwa za kijani. Huo mshahara ndio uliokusomesha, hilo nalo lijue, si kwa kukulaumu. Lijue tu.

Huko Dar utafanya kazi kwa watu. Labda watakuwa wazuri. Lakini Diregiteri yuko kila mji, na haji na pembe. Anakuja na haraka, na wageni, na sauti ya kukuonyesha kwamba wewe ni mtu wake. Alinipenda mimi, Zaituni, kwa sababu sikuwahi kumwambia bado. Ukijikuta unapendwa mahali kwa sababu hiyo, tazama ni kiti cha nani ulichobeba. Na akikuachia nafasi katikati ya maneno, mwambie aijaze mwenyewe, aseme waziwazi anataka ufanye nini, mbele ya mwingine. Mimi ningemuuliza tu pale kwenye pikapu, unataka niigeuze? Nadhani angenyamaza. Angenyamaza, na mimi ningekuwa na sababu ya kuiacha ilivyo.

Sikwambii usiogope. Mimi niliogopa na bado ninaogopa, na hawa wanaofunga barabara siku hizi sijui watanifanya nini wakilisoma jina langu. Huenda kitambulisho changu kikanisaidia, huenda kisinisaidie. Diregiteri atasema mimi ndiye kibaraka mwenyewe, na kwa jinsi anavyosema mambo ataaminiwa. Mama yako mdogo hajui bado. Nitamwambia ukishaondoka.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, ya nne. Ina jina langu lote, sahihi, na dole gumba pia, kwa sababu sahihi yangu hubadilika. Imesema niligeuza mimi, mara mbili. Hakuna neno la kupamba, isome uone. Gari lenu linaondoka saa nne, kwa hiyo mapema, kukiwa kumekucha vizuri, panda basi la Kicukiro, ukishuka Kagarama uliza kwa mama Consolata anayeshona nguo. Mpe Consolata mkononi mwake, siyo mama yake. Usimwambie nimemsalimu. Kaa naye kama una dakika, alikupenda. Ninajua kazi hii ni yangu na ninakutuma wewe. Ukiona hutaki kuibeba, mwachie mama yako mdogo, ataipeleka yeye, hata kwa hasira. Mradi isibaki na mimi.

Kwa sababu ninajijua. Asubuhi nitakubebea sanduku, na hapo mlangoni nitaiomba. Nitasema nimekosea neno moja ninataka kulirekebisha, au kwamba nimefikiri vizuri, nitampelekea mwenyewe Ijumaa. Nitalisema vizuri sana. Huenda machozi yakanitoka, na yatakuwa ya kweli. Mwanangu, usinipe.

Baba yako mdogo,
Saidi